Nimepewa kuandika wasifu wa mama, lakini mama simwoni ndani yake

Swali: "Bwana asifiwe, Mama. Mimi ni kifungua mimba katika watoto watano, naishi Nakuru. Mama yetu amelala wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alizaliwa 1955, akaanza kazi ya uuguzi 1977 huko Kakamega, akamalizia Nakuru, akastaafu 2015. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kanisa, mwanachama wa Mothers' Union. Tutamzika Jumamosi nyumbani Vihiga, na kamati imenipa mimi kuandika wasifu. Nimejaza kurasa mbili: mcha Mungu, mkarimu, mwenye upendo, mchapakazi. Nikizisoma, mama simwoni ndani yake. Tena ndugu yangu mdogo anasema tukisoma hivyo tutakuwa tunadanganya mbele ya jeneza, kwa sababu mama hakuwa nyumbani. Usiku kazini, Krismasi kazini. Leo ni Jumapili. Nifanye nini?"

Pole sana, mwanangu. Poleni nyote watano.

Nimekuwa nesi, kisha mwalimu wa manesi, na tangu nistaafu hapa Kisumu huduma yangu kanisani ni kukaa na familia zilizofiwa tukiandika wasifu wa marehemu. Kwa hiyo barua yako imenigusa pande zote mbili. Nitakujibu kwa urefu, maana siku zinatosha ukianza leo.

Hizo kurasa mbili usizichane. Hukuandika uongo. Ila maneno hayo manne yamesomwa juu ya karibu kila jeneza nililowahi kusimama kando yake, na ukifuta jina la mama yenu ukaweka la mama wa jirani, wasifu wako utasomwa vilevile na watu watasema amina. Ndiyo sababu humwoni.

Wewe umelelewa kanisani, unamjua Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, Petro aliitwa, akapandishwa chumba cha juu alikolazwa. Hebu kumbuka wajane walifanya nini pale. Hawakumwambia Petro kwamba marehemu alikuwa mkarimu. Walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizokuwa akiwashonea alipokuwa pamoja nao. Kila mmoja alikuwa na yake mkononi. Mimi naamini huo ndio wasifu wa kwanza wa mwanamke mkristo uliowahi kutolewa mbele ya maiti, na sijaona uliouzidi. Basi kazi yako hadi Jumatano ni moja: kukusanya kanzu. Sifa waachie watu wazitaje wenyewe wakishaziona.

Nikuonyeshe moja ambayo naijua hata bila kumjua mama yenu. Tafuta saa yake. Saa ya nesi hupachikwa kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu. Ukisimama mbele yake unaiona imepinduka, lakini yeye akiinamisha kidevu anaisoma sawasawa. Imepachikwa pale kwa sababu kifundo cha mkono hakitakiwi kuvaa kitu, mikono ioshwe hadi kwenye kiwiko, na kwa sababu mkono mmoja umeshika mkono wa mgonjwa kuhesabu mapigo na ule mwingine una kazi nyingine. Mtoto wa nesi anaijua saa hiyo kwa karibu kuliko mtu yeyote, maana akibebwa ndiyo iliyo usawa wa macho yake. Sasa waulize ndugu zako: mlipougua kifua mkiwa wadogo, mama alifanyaje? Nina hakika kuna atakayekumbuka akiinuliwa fulana usiku, taa imewashwa, mama ametazama mbavu bila kusema neno, macho yakienda kwenye saa na kurudi. Alikuwa anahesabu. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika moja, nesi anashuku nimonia. Kwenu ilikuwa ni mama anakutazama dakika nzima bila kukuambia kitu. Ukiandika sentensi hiyo, na kwamba baada ya kumaliza aliishusha fulana taratibu akaipapasa, huna haja tena ya kuandika "alikuwa mwenye upendo".

Kanzu nyingine ziko kwa watu, na namna unavyouliza ndiyo itakayoamua utapewa nini. Ukimpigia nesi mwenzake ukamwuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, atakurudishia yale maneno yako manne. Mwulize hivi: ni usiku gani mliofanya kazi pamoja ambao hujausahau? Kisha nyamaza. Mwache avute kumbukumbu, hata kama simu inakula pesa. Wale akina mama wa Mothers' Union waulize alikuwa anakaa benchi gani, na wakienda mkutano alikuwa anapewa kazi gani, sufuria au hesabu. Majirani wa mtaani waulize nani aliwahi kubisha mlango wenu usiku wa manane. Nesi akikaa mtaa fulani, mtaa mzima unajua dirisha lake. Chanjo ya mtoto imevimba, mzee presha imepanda, msichana ana uchungu na teksi haijafika, wote wanabisha palepale. Wewe kama kifungua mimba ulifungua huo mlango mara nyingi, sidhani kama umeshaandika hata mara moja kati ya hizo.

Usisahau pia kuuliza wangapi wanaitwa jina lake. Huku kwetu magharibi, kwa Waluhya na kwa Wajaluo, mama aliyejifungua kwa shida humpa mtoto jina la daktari au nesi aliyemshika mkono. Manesi wengi wa wadi ya wazazi wana wajina wao waliotapakaa vijijini ambao hata hawawajui kwa sura. Hizo ni kanzu kabisa. Ila nitakuja kukuonya jambo kuhusu hizo, subiri.

Kuhusu tarehe na majina ya mahali, tafadhali ufungue lile sanduku lake la karatasi. Barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho, vyeti, leseni ya Baraza la Wauguzi. Usiandike kwa kukisia, maana Jumamosi manesi wenzake watakuja na sare zao na wataketi mbele, na hao ni watu waliozoea kusoma faili. Mambo machache ambayo familia hukosea sana: mwaka 1955 hapakuwa na wilaya ya Vihiga. Mahali hapo palikuwa North Nyanza, ndani ya mkoa wa Nyanza. Mkoa wa Magharibi ulikuja 1963, na Vihiga ikamegwa kutoka Kakamega 1990. Ukiandika "alizaliwa wilaya ya Vihiga" wazee watatazamana. Hospitali ya Nakuru aliyoijua yeye kwa miaka yake mingi ilikuwa ya mkoa, ndiyo maana watu wa Nakuru hadi leo wanaiita PGH, yaani Provincial General Hospital, kama sisi wa Kisumu tunavyosema Russia kwa ile iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Andika jina lililokuwa mlangoni siku alipoingia.

Na usimpandishe cheo. Kuna familia huona "nesi" ni neno dogo, wakaandika "daktari" au "mkuu wa wauguzi". Manesi wengi wa umri wake walianza wakiwa na cheti tu. Wengine walirudi chuo wakiwa watu wazima, wana watoto, wakachukua diploma. Kama mama yenu alirudi shule akiwa na watoto watano, iandike hivyo kwa mwaka wake, ni jambo zito kuliko cheo cha kubuni. Kama alisomea hospitali ya misheni, itaje ni ipi, kwa sababu hizo hospitali zilimfundisha mtu sindano na sala kwa pamoja na kila moja ina ukoo wake: Maseno ni ya Waanglikana waliofika 1906, Kaimosi ni ya Friends, yaani Waquaker, waliotangulia 1902, Mumias ni Wakatoliki, Kendu Bay ni Waadventista. Mtu akisikia jina anajua asubuhi za mwanafunzi yule zilianzaje.

Miaka 38 ya kazi ni mingi, huwezi kuisimulia yote. Chagua miwili au mitatu ambayo nchi ilimwegemea. Mmoja nakupa bure: mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60. Mama yenu alikuwa na kama miaka 54. Yaani alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi, pengine ameshazungumza habari za ng'ombe wa nyumbani, akaambiwa aongeze miaka mitano. Kuna mtu katika nyumba yenu anakumbuka alisema nini jioni ile. Mtafute. Mwingine ni 2013. Juni mwaka huo malipo ya kujifungua yaliondolewa katika hospitali za umma, wadi za wazazi zikafurika, na wakati uleule kazi ya afya ilikuwa inahamia kaunti. Kama alikuwa leba siku hizo, alikuwa karibu miaka 60, na alikuwa amesimama.

Lakini ule ambao ningeuliza kwanza ni miaka ya tisini. Ukimwi uligunduliwa kwa mgonjwa wa kwanza Kenya 1984, na serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kati ya tarehe hizo mbili ni sisi tuliokuwa wadini. Dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijafika hospitali za umma. Nakumbuka wadi niliyofanya kazi, wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na wa tatu chini kwenye godoro. Kazi yetu ilikuwa kuosha, kugeuza, kulainisha mdomo kwa pamba yenye maji. Kuna jamaa walikuwa wakisimama mlangoni na kikapu cha chakula, wanaogopa kuingia, nesi ndiye anapokea kikapu na kumlisha mtu wao. Tuliimba kwa sauti ya chini tukitandika, na ilikuwa kama ndiyo dawa pekee tuliyokuwa nayo. Nesi mkristo wa kizazi chetu, imani yake ilipimwa pale kuliko kwenye benchi ya kanisa. Wengi wetu hatukusimulia nyumbani. Tulirudi, tukavua viatu nje, tukaoga kwanza kabla ya kumshika mtoto. Kama mnakumbuka mama akipita moja kwa moja bafuni bila kuwasalimu, sasa mnajua alikuwa anatoka wapi.

Uliza pia kuhusu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kama alikuwa Nakuru. Siku zile watu waliofukuzwa makwao walijaa uwanja wa maonyesho, na waliojeruhiwa walifika hospitalini wakiwa wa kila kabila, wakaguswa na mikono ya manesi wa kila kabila. Siasa yake iache. Andika alifikaje kazini, nani alimsindikiza, alilala wapi.

Sasa lile onyo. Nesi akifa, anaacha siri za watu. Nimeshuhudia kwa macho yangu mazishi ambapo msemaji, kwa nia njema kabisa, alisimulia jinsi marehemu alivyomwuguza bwana mmoja "ugonjwa ule" alipokuwa amekataliwa na watu wake nyumbani. Hakutaja jina. Hakuhitaji, kijiji kilijua. Mjane wa bwana huyo alikuwa ameketi hema la pili. Alisimama, akachukua mkoba wake, akaondoka kwa miguu hadi barabarani, na watu wakamtazama njia nzima. Nesi aliyekuwa amelala pale mbele alikuwa ametunza siri ile kwa zaidi ya miaka kumi. Ikavunjwa na watu waliokuwa wanamsifu.

Kutunza siri ya mgonjwa ndicho kiapo. Kile cha Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, ambacho hakikuandikwa na Nightingale mwenyewe, kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893 kwa heshima yake, na vizazi vya manesi wamekikariri wakijifunga kufunika mambo ya wagonjwa na ya nyumba zao. Hapa kwetu, sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake. Hivyo simulia mikono ya mama ilifanya nini, lakini usionyeshe ilikuwa juu ya mwili wa nani. Hata wale watoto wenye jina lake, waulize mama zao kwanza. Kuna aliyejifungua katika mazingira ambayo hataki mume wa sasa ayajue. Atakayetaka kusimama mwenyewe na kusema "mimi ni mmoja wao", mpeni nafasi hiyo kwenye programu, dakika mbili, bila kuandikiwa la kusema. Jambo hili linamhusu hata mama yenu. Umeandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Iache ilivyo. Hamna deni la kumwambia mtu yeyote aliugua nini.

Nakuja kwa ndugu yako. Nimeliweka hili nyuma kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi.

Usishindane naye. Anasema kweli. Zamu ya usiku huchukua saa kumi na mbili nzima, tena inakuja kwa mkururo wa siku, na mtoto mdogo hana kalenda ya kumwonyesha kwamba wiki ijayo mama atalala nyumbani. Anachojua ni kwamba giza likiingia mama anavaa nyeupe anatoka. Mimi pia ni mama. Binti yangu alikuwa na miaka 26, tayari ameolewa, tunamenya viazi jikoni, akaniambia kwamba hadi leo akinusa dawa ya kuua viini tumbo linamkaza, kwa sababu kwake hiyo ilikuwa harufu ya mimi kuondoka. Mimi nilidhani ilikuwa harufu ya mimi kurudi. Nilikuwa na kisu mkononi, nikakiweka chini. Sikuwa na jibu na sikumtafutia. Kwa hiyo ndugu yako anapozungumza, namsikia kwa sauti ya mwanangu.

Yeye naye ameleta kanzu, ila ameigeuza ndani nje, mishono inaonekana. Na watu wanaoshona ndio hutazama mishono.

Wapo watakaokuambia mazishini si mahali pake. Shangazi atasema hivyo, na pengine mchungaji. Mimi sikubaliani nao. Ukiificha, watoto wote watano mtasimama pale mkisikiliza habari za mwanamke ambaye hamkuishi naye. Lakini kuna mpaka, na mwambie ndugu yako kwa upole: kuomboleza ni tofauti na kushtaki. Anayeomboleza anasema alichokosa. Anayeshtaki anasema mwenzake alikosea nini. Mwambie aandike kile alichokosa, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mistari sita au saba, na aisome yeye. Iwe ndani ya wasifu, katikati, isiwe nyongeza ya mwisho. Itakuja kitu kama hiki, na hapa nabuni tu upate kuona umbo lake:

"Krismasi nyingi mama alikuwa wadini. Tulimsubiri. Chakula chake kilifunikwa kwa sahani, chapati mbili na mguu wa kuku, na mimi nilikuwa nachungulia kama bado upo. Asubuhi alipoingia alikuwa ananikatia nusu ya ule mguu kabla hajavua koti. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nakula."

Maneno hayo hayamvunjii mama heshima hata kidogo. Kila nesi aliyeketi mbele atajiona hapo, na watoto wao pia.

Jambo moja usilifanye: usimtafutie mama sababu nzuri usiyoijua. Kuna nesi aliyechukua zamu ya Krismasi ili mwenzake mwenye mtoto mchanga abaki nyumbani. Kuna aliyepangiwa tu na orodha ikabandikwa ukutani. Kuna aliyekuwa akitafuta karo. Ukipata ushahidi wa mojawapo, uandike. Usipoupata, andika kwamba alikwenda.

Na jiulize hivi: kama mama alikuwa kazini usiku, nani alifunga mlango? Nani aliwalaza hao wadogo, akaamka mmoja alipolia? Kama palikuwa na msichana wa kazi, au nyanya, au mama mdogo, mtaje kwa jina kwenye wasifu. Ni nadra sana kulisikia jina la yaya kwenye mazishi ya nesi, nami huona uchungu kwa hilo, kwa sababu zile saa kumi na mbili za wadini zilisimama juu ya mabega yake. Kama alikuwa wewe, uliyekuwa na miaka tisa au kumi, basi hata wewe una mistari yako ambayo hujaiandika. Labda ndiyo sababu nyingine iliyofanya mama asionekane katika kurasa zako mbili. Umemwandika kama mgeni wa heshima, na wewe ulikuwa msaidizi wake.

Kuhusu imani yake nina machache, kwa kuwa ukifuata hayo ya juu itakuwa imeshaonekana. Fungua Biblia yake. Nesi ana mazoea ya kuandika tarehe na saa pembeni mwa kila kitu, na wengi wetu tuliyapeleka mazoea hayo hadi kwenye Neno. Utakuta mstari umepigiwa alama, kando yake tarehe, pengine na saa tisa ya usiku. Linganisha tarehe hizo na mambo ya nyumbani kwenu, utashtuka. Ukikuta jina la mgonjwa, lifunike na usimwambie mtu. Kisha mwulize mwenzake wa karibu kama alikuwa anaomba na wagonjwa, na alikuwa anaombaje. Wapo waliokuwa wakiomba ruhusa kwanza, na mgonjwa akikataa wanamwekea maji karibu na kuendelea. Wapo walioomba kimya wakati wa kunawa mikono. Namna yake hiyo ndiyo imani yake, iandike ilivyokuwa.

Najua mtasoma Mithali 31, kila mama anasomewa. Mkisoma, mpeni ndugu yako mstari wa 18, ule unaosema taa ya mwanamke huyo haizimiki usiku. Mhubiri mwingine angeupita haraka. Kwa nyumba ya nesi una pande mbili: taa yake ilikuwa inawaka kweli, lakini mahali pengine, na ya nyumbani kwenu ilizimwa na mtoto.

Mengine ni ya kiutaratibu. Orodha ya watoto, wajukuu, na walioolewa ipitishe kwa shangazi na kwa mjomba kabla ya kuchapishwa. Kama kuna mtoto wa nje au wa kulea, lizungumzeni Jumanne mkiwa mmekaa, lisizuke Jumamosi kwenye kipaza sauti. Programu ya mazishi haiishii kaburini. Barua ya chifu ya kutaja warithi ikija kuandikwa, kuna mtu ataikunjua hiyo programu, na nimeona zikifika hadi mahakamani.

Lugha iwe Kiswahili, kwa sababu watakuja watu wa Nakuru na wakwe wa kila upande, lakini maneno mama aliyokuwa akiyasema kila siku yaache kwa Kiluhya alichoyasemea, usiyatafsiri. Urefu uwe dakika saba, nane zikizidi. Hiyo ni karibu ukurasa mmoja na nusu. Chapisha nakala ya kusomea kwa herufi kubwa, mistari imeachana, maana macho yatakuwa na maji. Isome kwa sauti mara mbili chumbani, na pale utakaposhindwa kuendelea, weka alama kwa kalamu. Huko ndiko mtu wa pili mwenye nakala yake anatakiwa awe amesimama nyuma yako tayari kupokea.

Mchapishaji atataka karatasi Jumatano jioni. Leo Jumapili mpigie ndugu yako kabla hujampigia shangazi, umwambie aandike ile Krismasi. Kesho piga simu kwa manesi, lakini subiri hadi saa nne asubuhi, walio zamu ya usiku watakuwa wametoka na wale wa mchana wamemaliza kugawa dawa. Jumanne usiku niletee ulichopata, hata kikiwa hakijapangwa, nitakaa nikisome nawe kwenye simu.

Na ile saa, msiizike naye kabla hamjakubaliana wote watano ni nani atakayeishika.